Hata Akikwambia Mwenyewe

Mrithi alingoja kichwa chake kimalizwe kunyolewa, ndipo akasema anauza nyumba. Hakuwa mjinga. Habari kama hiyo humpi kinyozi wakati wembe uko kisogoni.

"Marehemu baba aliusia ninyi muulizwe kwanza," alisema, akijigeuza mbele ya kioo. "Basi nawauliza. Thelathini. Mkizipata kabla mwezi haujaisha, nyumba yenu. Msipozipata, kuna mtu anataka kuibomoa ajenge ghorofa."

"Thelathini elfu?" Kinyozi alijua si elfu. Alikuwa anatafuta pa kushika tu.

"Mzee, na wewe kwa mizaha! Milioni."

"Tukilipa kidogo kidogo..."

"Kidogo kidogo ni kodi, mzee. Hiyo mmeshalipa miaka yote." Akajipangusa shingo kwa taulo safi, akainuka, akaenda zake bila kulipa. Watoto wa mwenye nyumba hawakuwahi kulipa pale, na mpangaji hadai.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na ua. Chumba cha mbele kilikuwa na kiti cha kuzunguka kilichokwisha kukataa kuzunguka, kioo kirefu, na benchi la wanaosubiri zamu pamoja na wale wasiosubiri chochote isipokuwa mazungumzo. Cha kati walilala. Cha nyuma kilijaa makopo ya rangi, na ua wote ulikuwa kiwanda cha mke wa kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Rangi. Yeye ndiye aliyeandika mabango ya bucha, ya fundi viatu, ya zahanati, ya kanisa na ya msikiti. Duka lisilokuwa na herufi zake lilionekana limefunguliwa jana na litafungwa kesho.

Mumewe alipomletea habari uani, alimaliza kwanza herufi aliyokuwa anaiandika. Rangi haingoji msiba. Kisha akaisuuza brashi kwenye tapentaini, akakaa juu ya kopo tupu.

"Wateja wako wanajua hapa," alisema. "Wangu wanajua hapa. Kwa umri huu tukaanze kutundika kioo mtaa mwingine? Nani atakuja?"

"Ndiyo maana nimekuletea wewe. Mimi akili imesimama."

"Kiwanja," akasema Mama Rangi. "Tuuze kiwanja."

Walikuwa na kiwanja nje ya mji. Walikinunua enzi ambazo huko hata mwizi alikuwa haendi. Sasa lami ilikuwa imefika, mji umekimbilia kule wenyewe, na kila aliyepita akirudi alisema bei zimepaa. Kinyozi akauliza kwa sauti ya mtu anayepima joto la maji kwa kidole.

"Na lile bango?"

"Bango si letu? Tutalifuta."

"Nilikwambia mstari wa tatu umezidi."

"Usianze, baba."

Lakini kweli ulikuwa umezidi. Zamani mdogo wake kinyozi alimpeleka mtu kwenye kiwanja hicho, akajigamba kuwa ndiye mwenyewe, akapokea pesa za kutangulizwa na kuzila. Mama Rangi aliposikia, alishika brashi kwa hasira za mwezi mzima. Akachukua bati nene, na rangi ile wanayopaka matangi ya mafuta, isiyojua jua wala mvua, akaandika: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Chini yake: OGOPA MATAPELI. Mumewe akasema inatosha. Akajibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, akaongeza mstari wa tatu: HATA AKIKWAMBIA MWENYEWE KINAUZWA, HUYO MWENYEWE NI TAPELI.

Wakalisimamisha kwa nguzo mbili za chuma na saruji, wakarudi nyumbani, wakalala usingizi mzito kwa miaka.

*

Dalali waliyempata aliitwa Asilimia. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka, pengine hata wazazi wenyewe. Alikuwa na simu mbili na viatu vilivyochongoka, na kila sentensi yake ilianza na "wazazi wangu".

"Wazazi wangu, hicho kiwanja ni dhahabu. Thelathini na tano hakikosi. Bango si neno, litafutwa tukishapata mnunuzi. Mimi changu ni kumi tu kwa mia, sina makuu."

Mteja wa kwanza alikwenda kukiona, akalipiga picha bango, akawarushia jamaa zake wote ili wasitapeliwe. Wa pili hakushuka hata kwenye gari. Wa tatu alimpigia Asilimia simu kumuuliza kama haogopi Mungu. Mwezi ulikuwa unakatika, na Asilimia akaanza kusema "wazazi wangu" kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Kuna mmoja amebaki," alisema hatimaye. "Tajiri wa mabati. Ana pesa taslimu, habahatishi. Lakini safari hii mje wenyewe, na mvae vizuri. Tajiri akiona mna shida, mmekwisha."

Kinyozi akavaa suti yake ya harusi, ambayo kifungo chake cha tumboni kilikuwa kimeshaachana na tundu lake. Mama Rangi akavaa kitenge kipya, akazipakata karatasi za kiwanja ndani ya mfuko wa nailoni. Hawakuwa wamekwenda kule tangu lami ifike, na waliposhuka hawakupatambua. Kuta, mageti, ghorofa zisizokwisha. Katikati ya yote hayo, uwazi mmoja tu ndio uliobaki, na uwazi huo ulikuwa wao.

Ila haukuwa mtupu. Fundi wa kuchomelea, kijana waliyemwita Cheche, alikuwa amesimamisha mageti yake upande mmoja. Kulikuwa na fundi baiskeli, wauza mboga kwenye meza za mbao, mama wa chai, fundi wa magodoro. Chini ya bango kabisa, mama mmoja mnene alikuwa ametandika magunia na kumwaga juu yake nguo za mitumba, na nguo nzuri zaidi alikuwa amezitundika kwenye nguzo za bango lenyewe. Huyo aliitwa Mama Mitumba, na wenzake hawakufanya jambo bila kumtazama kwanza usoni.

Tajiri wa mabati aliteremsha kioo cha gari. Asilimia akaanza. "Mheshimiwa, kiwanja ndicho hiki, na wenyewe ndio hawa..."

"Wenyewe?" Mama Mitumba alisimama. "Umesema wenyewe?"

"Mimi ndiye mwenye kiwanja," alisema Mama Rangi, kwa upole. "Karatasi ninazo."

Mama Mitumba hakuzitazama karatasi. Aligeuka, akanyoosha mkono juu, akasoma bango lote kwa sauti, neno moja moja, kama anayesoma hukumu. Alipofika mstari wa tatu soko zima lilisoma naye. "HUYO MWENYEWE NI TAPELI!"

"Karatasi hata tapeli anazo," alisema Cheche, kinyago chake cha kuchomelea kimepandishwa juu ya paji la uso. "Tena tapeli ndiye mwenye karatasi safi kuliko wote."

"Na mwangalie na suti yake," akasema mama wa chai. "Mtu mzima, mvi kichwani, hata haya hana."

Mtu akapiga mluzi. Mwingine akamvuta Asilimia shati, na Asilimia, ambaye alijua njia zote za kutokea, akatokea. Kinyozi alijaribu kueleza habari za mdogo wake, lakini habari za mdogo wake zilikuwa ndefu na kelele zilikuwa nyingi. Mama Rangi alisimama chini ya maandishi yake mwenyewe, akazomewa nayo. Alitaka kulia, na alitaka kucheka, na zaidi ya yote alitaka kumwona shemeji yake ampige kofi.

Tajiri alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akapandisha kioo, gari likaondoka, na wao wakarudi kwa miguu hadi barabara kuu, suti ikimbana kinyozi.

*

Mama Rangi alikwenda kwa mrithi kuomba aongezewe muda. Alikalishwa barazani. Mke wa mrithi alipita, akarudi, akapita tena, kisha akasema kwa kuwa amekaa tu bila kazi, na rangi si ipo kwenye kikapu chake, hebu amwandikie getini MBWA MKALI. Mbwa mwenyewe alikuwa amelala kivulini, hakufungua hata jicho. Mama Rangi akaandika. Alipomaliza, mrithi akatoka, akalisifu bango, akasema muda hauongezwi. Malipo ya bango hayakutajwa.

Kesho yake tajiri wa mabati alikuja mwenyewe kwa kinyozi. Watu wa benchi wakajibana kumpisha. Akakaa kwenye kiti kilichokataa kuzunguka, akafungwa shuka shingoni.

"Punguza pembeni tu," alisema. "Na kile kiwanja nitakichukua kwa kumi na tano."

Mashine ilisimama kinyozi akiwa ameishika hewani. "Thamani yake thelathini na tano, mheshimiwa. Wewe mwenyewe unajua."

"Ilikuwa. Mpaka mkeo alipoandika. Mimi sinunui ardhi, mzee, nanunua kesi. Wale watu niwatoe kwa gharama zangu, bango niling'oe kwa gharama zangu. Kumi na tano, mkononi, leo hii nikitaka. Nani mwingine atawapa?"

Mama Rangi alikuwa mlangoni, brashi mkononi. "Nyumba tunayoitaka ni thelathini," alisema.

"Hayo ni yenu, mama. Mimi siuzi nyumba." Alipokwisha kunyolewa alilipa, tena akazidisha, akasema chenji wabaki nayo. Ile chenji iliwauma kuliko maneno yake.

Jioni mume na mke walikaa uani. Kinyozi alizungumza taratibu. Kumi na tano si haba. Watapanga chumba mahali, na nyingine wataweka. Bora nusu shari kuliko shari kamili.

"Mwezi una siku chache, mke wangu. Tukikaa tutakosa nyumba na kiwanja pia tutabaki nacho, kimekaa na bango lake kama kaburi."

"Yule mtu alicheka," alisema Mama Rangi.

"Wote walicheka."

"Hapana. Wale wengine walikasirika. Yeye ndiye aliyecheka." Akatazama mkono wake, ulioingia rangi hadi kwenye mistari ya kiganja. "Mimi ndiye niliyeandika. Nitakwenda kufuta mwenyewe. Likishafutika, hiyo kesi yake itakuwa imebaki wapi?"

*

Alikwenda peke yake, asubuhi, na nguo zake za kazi: gauni lililokuwa la bluu zamani na sasa lilikuwa la kila rangi, kitambaa kichwani, ndoo, na kopo la rangi nyeupe. Soko lilikuwa linafunguka. Hakumsalimu mtu, kwa kuwa alijua salamu yake haitapokelewa. Akapindua ndoo, akapanda juu yake mbele ya bango, akachovya brashi.

Alipaka mara moja tu, pembeni, mahali pasipokuwa na herufi.

"Wewe!" Mama Mitumba alimshika gauni kwa nyuma. "Shuka! Jamani, tapeli amerudi, anafuta bango la watu!"

Wakaja wote. Cheche alisahau hata kuzima mashine yake. Ndoo ikavutwa chini yake, akateremka nusura aanguke, na kopo likamwagika miguuni mwake. Fundi baiskeli alikuwa tayari amevua shati aifute ile nyeupe kabla haijakauka, akiifuta kwa hadhari kama anayemfuta mtoto uso.

"Mwenye kiwanja hiki hatumjui," alisema Mama Mitumba, akihema. "Hatujawahi kumwona. Lakini ametuacha tukae hapa miaka yote, hajatudai kodi, hajatuletea mgambo. Wamekuja matapeli, tumewafukuza. Amekuja mtu na tingatinga, tumelala chini mbele yake. Kiwanja cha mtu huyu hakiibiwi sisi tupo. Na bango lake hulifuti. Unajua mimi bango hili ni nini kwangu?"

Maneno aliyokuwa ameyaandaa Mama Rangi njiani, makali yote, yalimpotea. Watu hawa walikuwa wanamlinda yeye, dhidi yake yeye.

"Mimi shule sikupelekwa," aliendelea Mama Mitumba. "Kusoma nimejifunzia hapa, chini ya bango hili, kila siku nikikosa wateja namuuliza mpita njia hii ni nini, ile ni nini. Herufi ya kwanza kuijua maishani mwangu ni hiyo K. Halafu wewe unakuja na kopo!"

Machozi yalimtoka Mama Rangi, na hakuyaficha. "Hiyo K," alisema, "mguu wake wa mbele umeinuka. Umeuona?"

"Nimeuona kabla hujazaliwa wewe tapeli."

"Umeinuka kwa sababu naanzia chini, nakwenda juu. Wengine wanaanzia juu. Aliyenifundisha alikuwa anatumia mkono wa kushoto, nikachukua ulemavu wake." Akajipangusa macho kwa mkono, akabaki na weupe shavuni. "Niazimeni bati. Niandike. Nikishindwa, nipelekeni polisi mimi na karatasi zangu."

Watu walimtazama Mama Mitumba. Mama Mitumba alimtazama mwanamke yule: gauni la kila rangi, kucha zenye wekundu usiotoka. Suti na kitenge havikuwepo leo. "Cheche," alisema, "leta bati."

Cheche akaleta kipande cha geti, na kopo la rangi yake nyekundu ya kuzuia kutu. Mama Rangi alikiegemeza kwenye meza ya mboga. Hakupiga mstari kwa rula wala kwa uzi. Akashusha pumzi, akaanzia chini, akaenda juu, na K ikatokea na mguu wake ulioinuka kidogo, kama mtu anayevuka dimbwi. Kisha I. Kisha W, zile pembe zake mbili zisizolingana. Alipofika kwenye J yenye mkia uliofupishwa, Mama Mitumba alikuwa ameshaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yakienda juu kwenye bango na kurudi chini kwenye geti, juu na chini.

"Inatosha," alisema. "Inatosha, mama'angu. Usimalize." Akakaa kwenye magunia yake kwa kishindo. "Ni wewe. Nimekuzomea wewe."

"Umenilinda mimi."

"Nimekushika gauni!"

"Hilo gauni limeshikwa na mengi."

Mtu akacheka, kisha wote wakacheka, kicheko cha watu walioogopa. Mama wa chai akamletea kikombe bila kumwuliza, akamwekea sukari nyingi kama kwa mfiwa. Ndipo Mama Mitumba akauliza lile ambalo halijawahi kuulizwa na mtu chini ya bango lile.

"Kwa hiyo kweli kinauzwa?"

"Kinauzwa. Nyumba ninayokaa inauzwa juu ya kichwa changu. Wanataka thelathini kabla mwezi haujaisha. Tajiri wa mabati amenipa kumi na tano, akawatoe ninyi."

Soko likapoa. Cheche akamtazama fundi baiskeli, fundi baiskeli akamtazama Mama Mitumba.

"Dada," alisema Mama Mitumba, "sisi tuna kikundi. Kila siku ya soko tunaweka. Miaka yote tunaweka, kwa sababu tulijua siku moja mwenye kiwanja atatokea, na haki yake. Juma lijalo tulikuwa tunakwenda kutanguliza pesa za kiwanja kingine, mbali huko, hata barabara hakina. Hapa ndipo tulipopataka tangu mwanzo. Lakini tungemwuliza nani? Bango lenyewe lilikuwa limekataa!"

"Hata akikwambia mwenyewe," Cheche akasema kwa huzuni.

Mama Rangi aliweka kikombe chini. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akajaribu kukizuia, akashindwa. Alicheka hadi ikabidi ashikwe. "Mume wangu alisema mstari wa tatu umezidi," alisema. "Msimwambie kwamba nimekiri."

"Tuna thelathini na mbili," alisema Mama Mitumba. "Mbili ilikuwa ya kujenga choo."

"Choo jengeni kwa moja. Nipeni thelathini na moja. Hiyo moja ya uchakavu wa moyo."

*

Pesa za kikundi zilikaa benki, na daftari na mihuri zilikaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti ili mtu mmoja asije akashikwa na shetani. Siku ya kuandikishana walikuja wote pale kiwanjani mbele ya kiongozi wa mtaa na mwanasheria, kikundi kizima, hata fundi magodoro aliyekuwa na homa. Kinyozi alikuja na shati la kawaida. Suti alikuwa ameiapiza.

Kalamu ilikuwa imeshatoka mfukoni gari la tajiri wa mabati lilipopanda ukingo wa barabara. Safari hii alishuka. Asilimia alishuka nyuma yake, akiwa amembebea mkoba.

"Mzee, mama, ngojeni kwanza," alisema tajiri. "Nimesikia. Sikieni na mimi. Arobaini. Zipo hapa. Hawa watawapa ngapi?"

Arobaini ni arobaini. Mama Mitumba aliinamisha kichwa, akaanza kukunja shati la mitumba ambalo halikuhitaji kukunjwa. Hakuomba. Watu wale walikuwa wamezoea kuhamishwa, na mtu aliyezoea hajui tena kupiga kelele inapokuwa kweli.

Mama Rangi alimtazama mumewe. Kiwanja kilikuwa chao wote wawili, na ni yeye kinyozi aliyetaka kuchukua kumi na tano. Kinyozi alisogea hadi chini ya bango. Kisha akanyoosha kidole juu.

"Mheshimiwa," alisema, "hujui kusoma?"

"Nini?"

"Bango. Linasema kiwanja hiki hakiuzwi."

Ilichukua punje ya muda watu wamwelewe. Kisha soko likalipuka. Vifuniko vya sufuria viligongwa, Cheche akapiga nyundo kwenye geti, na wote, wauza mboga na mama wa chai na fundi magodoro na homa yake, wakamsomea tajiri mistari yote mitatu kwa sauti moja, huku Mama Mitumba akiwaongoza, kidole chake kikifuata kila neno. Tajiri alirudi garini. Asilimia alibaki nyuma kidogo, akasogea kwa kinyozi, akanong'ona, "Mzazi wangu, na ile kumi yangu kwa mia?"

"Kadai kwa aliyetokea nayo siku ile," alisema kinyozi.

Kwa mrithi walikwenda pamoja. Safari hii hawakukalishwa barazani, kwa sababu Mama Rangi aliingia moja kwa moja hadi sebuleni. Aliweka risiti ya benki mezani.

"Inakosa kidogo," alisema mrithi, akisoma.

"Haikosi. Nimetoa bango la mbwa. Na vichwa vyako viwili vya mwisho."

Mrithi alifungua mdomo. Mke wake, aliyekuwa mlangoni, alimwambia asaini tu, watu wasije wakasikia wanabishania mbwa. Akasaini. Na kinyozi, ambaye kwa miaka yote aliingia nyumba ile akiwa amevua kofia, alitoka akiwa ameivaa.

*

Kazi ya kwanza ya mwezi mpya ilitoka kwa kikundi. Walitaka bango lile lile, lipakwe upya, lisomeke hadi barabara kuu. Mama Rangi alitaja bei. Mama Mitumba akasema dada, sisi si watu wako? Mama Rangi akasema kazi ni kazi. Wakabishana kwa raha asubuhi nzima, wakakutana katikati.

"Na mstari wa tatu niuondoe?" aliuliza Mama Rangi, amesimama juu ya ndoo.

"Thubutu! Huo ndio wenyewe," alisema Mama Mitumba. "Tuko wengi. Nani anajua ni yupi kati yetu atashikwa na tamaa?"

Rangi ilibaki nusu kopo. Alirudi nayo nyumbani. Mumewe alikuwa ananyoa, benchi limejaa, na habari ya tajiri na bango ilikuwa inasimuliwa kwa mara ambayo hakuna aliyeihesabu, kila mara kelele zikizidi kidogo. Mama Rangi hakuingia. Aliusugua ukuta wa mbele kwa msasa, upande wa kulia wa mlango, mahali ambapo kwa miaka yote ya upangaji hakuwahi kugusa kwa brashi, kwa kuwa ukuta haukuwa wake. Kisha akaandika.

Watu wa benchi walitoka mmoja mmoja. Mwisho akatoka kinyozi, na mteja aliyenyolewa nusu, shuka bado limefungwa shingoni. Wakasoma pamoja: NYUMBA HII HAIUZWI.

Kinyozi alisogea karibu. Alinusa rangi mbichi, kama anayenusa chakula. Macho yake yalikuwa yamelowa, akasingizia tapentaini.

"Na ule mstari wa mwenyewe?" akauliza. "Huuandiki?"

Mama Rangi alipiga kifuniko cha kopo kwa kiganja mpaka kikakaa.

"Nimekukubalia kwamba umezidi," alisema. "Usitake nirudie."